Hesabu ni Ushahidi: Juu ya Wanaohesabu Galaksi za Mbali

Yako maswali ambayo mtu huyauliza kwa kutaka elimu, na yako ambayo huyauliza kwa kutaka kuiondoa. Miongoni mwa hayo ya pili ni hili tunalolisikia mara nyingi barazani zinapotajwa khabari za wanafalaki: "Kuhesabu vitu vya mbinguni visivyoonekana kuna faida gani kwa mtu aliyeshindwa kuhesabu siku zake mwenyewe?" Msemaji hucheka, wenziwe hucheka naye, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya mchele.

Hatutaki kulijibu swali hilo kwa kusifu vyombo na mitambo, kwani sifa za namna hiyo zimejaa kila mahali. Twataka kuuliza jambo lililo chini yake. Mtu asemapo, "Viko kadha wa kadha," amefanya nini? Sisi twaona kwamba ametoa ushahidi, na ushahidi una masharti. Je, masharti hayo yampasa pia mtu ahesabuye vitu ambavyo hakuna mwanadamu atakayevifikia wala kumsuta kwa kuvikagua? Na akisema neno la kweli kwa hesabu mbovu, asifiwe au alaumiwe? Wanafalaki wa zama hizi wametupa katika jambo hili mfano ulio wazi kuliko mifano mingi ya sokoni, nasi twauleta hapa ili wasomaji wetu waupime.

Yapasa kwanza tueleze kinachohesabiwa. Jua letu ni nyota moja katika kundi kubwa la nyota zaidi ya bilioni 100, ambalo usiku wa giza twaliona kama utepe mweupe uliokata mbingu. Ndiyo Njia Nyeupe. Kundi la namna hiyo huitwa galaksi, na kwa Kiarabu majarra. Nje ya galaksi yetu ziko nyingine nyingi mno. Iliyo karibu nasi miongoni mwa zile kubwa ni Andromeda, ambayo Abdulrahman al-Sufi aliitaja katika kitabu chake cha nyota mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Nuru ya wingu hilo ilikuwa imesafiri miaka ipatayo 2,500,000 kabla ya kuingia jichoni mwake.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa elimu hii. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa kila sekunde, nayo ni mbio kubwa, lakini mbingu ni pana kuliko mbio hizo. Kwa hivyo atazamaye mbali hutazama zamani. Galaksi ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 8 twaiona kama ilivyokuwa miaka bilioni 8 iliyopita. Hakuna mtu awezaye kuketi akaitazama galaksi moja ikizaliwa, ikakua, ikazeeka. Umri wetu wote kwake ni kupepesa jicho. Lakini mgeni aingiaye katika shamba la minazi asubuhi moja, akaona miche, na minazi michanga, na yenye kuzaa, na iliyokonga, aweza kujua mengi juu ya maisha ya mnazi bila ya kungoja miaka 60. Mwanafalaki ni mgeni huyo. Naye ana jambo moja ambalo yule wa shambani hana: kwake yeye masafa yenyewe humwonyesha zama, kwani kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo anavyokiona katika ujana wa ulimwengu.

Ama kuhesabu kwaingia hivi. Tuseme kuna uwanja mpana usio na mwisho, umetundikwa taa zilizotawanywa sawasawa kila upande, na juu, na chini. Taa ikiwa mbali mara mbili, huonekana kwa robo ya mwangaza wake. Basi ukipata jicho lililo kali mara nne kuliko la kwanza, utaona masafa mara mbili. Na nafasi yenye urefu mara mbili, na upana mara mbili, na kimo mara mbili, hubeba vitu mara nane. Kanuni ndiyo hii: kila ukali wa jicho ukizidi mara 4, hesabu huzidi mara 8. Tena ulimwengu wenyewe unatanuka, na kutanuka huko hudhoofisha nuru ya vilivyo mbali, kwa hivyo ulimwengu usiobadilika ungetoa hesabu iliyo chini kidogo ya hiyo 8. Ikiwa hesabu imeruka juu ya 8, basi zamani taa zilikuwa nyingi zaidi, au kali zaidi, kuliko leo. Hivyo kwa kuhesabu tu, bila ya kujua masafa ya hata taa moja, mtu aweza kuhukumu kama ulimwengu umepitiwa na mabadiliko au la.

Hukumu hiyo ilitolewa huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1955, nayo ilitolewa kwa hesabu mbovu. Wakati huo zilikuwapo rai mbili. Fred Hoyle na wenziwe walikuwa wakisema, tangu mwaka 1948, kwamba ulimwengu hauna mwanzo na sura yake kwa jumla haibadiliki. Wengine walisema kwamba una umri, na kwamba zamani haukuwa kama ulivyo leo. Martin Ryle na wenziwe walihesabu vitu 1,936 vya mbinguni vitoavyo mawimbi ya redio, wakaona kwamba ukali ukizidi mara 4, hesabu haikuzidi mara 8. Ilizidi kiasi cha mara 64. Ryle akatangaza kwamba rai ya Hoyle haiwezi kusimama.

Kule Sydney, Australia, Bernard Mills na wenziwe walikuwa na chombo cha namna nyingine, nacho kiliweza kutazama sehemu ya mbingu ile ile. Orodha mbili zilipowekwa pamoja hazikulingana. Vitu vingi vya Cambridge havikuonekana katika orodha ya Sydney. Sababu yake ilikuja kujulikana. Chombo cha Cambridge kilikuwa na jicho pana mno, kikavichanganya vitu hafifu vilivyokaribiana na kuviandika kuwa kitu kimoja chenye nguvu. Ryle na wenziwe walijenga vyombo bora, wakahesabu upya, na mwaka 1961 wakaleta hesabu nyingine: badala ya mara 64, mara 12 hivi. Lakini 12 nayo ni zaidi ya 8. Kwa hivyo hukumu ile ile ya mwaka 1955 ikasimama, mara hii kwa miguu yake. Na yalipogunduliwa, mwaka 1964, masalio ya joto la ulimwengu wa mwanzo, rai ya Hoyle haikubakiwa na wafuasi wengi.

Sasa na tuulize: mwaka 1955 Ryle alikuwa na haki? Wako watakaosema, "Alilolisema limekuwa kweli, basi yatosha." Sisi hatulikubali neno hilo. Kadhi akimwuliza shahidi, "Ulimwona fulani akichukua mali?" naye akajibu, "Nilimwona," ilhali alisikia tu kwa watu, ushahidi wake ni batili, hata ikidhihiri baadaye kwamba fulani huyo ndiye aliyechukua. Hatumfananishi Ryle na shahidi wa uongo, kwani yeye aliiamini hesabu yake na aliisema kama alivyoiona. Twalinganisha jambo moja tu: ukweli wa neno haumpi msemaji wake elimu ikiwa njia aliyolifikia ni mbovu. Lau kusibu peke yake kungekuwa elimu, kila mpiga ramli aliyepata mara moja angeitwa mwanachuoni.

Na insafu yataka tuseme na upande wa pili. Wale waliomkatalia Ryle mwaka 1955 walikuwa na haki ya kumkatalia, ijapokuwa rai waliyoitetea haikusimama. Haki hiyo ikapungua kila ilipokuja hesabu njema zaidi, na aliyeendelea kukataa baada ya hapo hakuwa tena akiidai dalili, alikuwa akiikimbia. Mwaka 1974 Ryle alipewa tuzo ya Nobel, naye hakupewa kwa ajili ya hukumu ile ya 1955. Alipewa kwa ajili ya njia aliyoivumbua ya kuunganisha vyombo vingi vikawa jicho moja kali, yaani dawa ya ugonjwa ule ule uliokuwa umeiharibu hesabu yake.

Hilo ni kosa la kuhesabu kisichokuwapo. Liko kosa la pili, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa mwenye kulifanya hana ila yoyote katika hesabu yake. Ni kosa la kuacha kilichopo kwa sababu kimefichwa. William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, akisaidiwa na dada yake Caroline, alihesabu nyota katika mamia ya sehemu za mbingu, na mwaka 1785 akachora umbo la Njia Nyeupe. Katika mchoro ule Jua letu liko karibu na katikati. Alihesabu kwa uaminifu na kwa saburi isiyo na mfano, lakini alichukulia kwamba darubini yake inafika mwisho wa nyota kila upande, wala haikuwa ikifika. Baina ya nyota mna vumbi jembamba kama masizi, nalo huzuia nuru. Robert Trumpler alilithibitisha vumbi hilo mwaka 1930, na leo yajulikana kwamba Jua liko mbali na katikati ya galaksi yetu kwa masafa ambayo nuru huyakata kwa miaka kiasi cha 26,000.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kila mwaka twatoka kuutafuta mwezi mwandamo, na mara nyingi liko wingu. Aliyetazama magharibi na wingu limetanda, akarudi akasema, "Sikuuona," amesema kweli. Akisema, "Haukuandama," ameongeza neno ambalo jicho lake halikumpa. Baina ya maneno hayo mawili ndipo lilipo kosa la Herschel, na ndipo yalipo makosa mengi ya watu wasiotazama mbingu kabisa.

La ajabu ni kwamba Herschel huyo huyo ndiye aliyeufungua mlango wa dawa. Mwaka 1800 aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, rangi zikatawanyika, akaweka vipimajoto katika rangi hizo. Kisha akaweka kimoja nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, nacho kikapanda kuliko vyote. Iko basi nuru iliyo chini ya nyekundu, nayo huitwa infraredi. Nuru hii hupenya vumbi kwa wepesi kuliko nuru ya macho. Tena vumbi lenyewe, likipashwa joto na nyota zilizofichwa ndani yake, hutoa nuru hii hii. Kwa hivyo kile kilichokuwa pazia hugeuka kikawa mtoa khabari wa waliomo nyuma ya pazia.

Hewa yetu huzuia sehemu kubwa ya nuru hiyo, na kila chenye joto huitoa, hata darubini yenyewe. Ndiyo sababu ikabidi darubini zipelekwe nje ya hewa na zipozwe kwa baridi kali. Ya kwanza kuipima karibu mbingu yote ilikuwa IRAS, ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, iliyorushwa Januari 1983. Kioo chake kilikuwa cha sentimita 57 tu, na heliamu oevu ya kuipoza ikaisha baada ya miezi 10. Lakini katika miezi hiyo ilipima asilimia 96 ya mbingu na kuorodhesha vitu karibu 250,000. Ndani ya orodha hiyo zilikuwamo galaksi zilizo hafifu kwa macho, kama ile iitwayo Arp 220, ambayo kwa infraredi yawaka kuliko majua bilioni 1,000. Humo nyota huzaliwa kwa wingi mkubwa, na vumbi huzifunika. Katika ujirani wetu galaksi za namna hiyo ni nadra.

Baada yake zikaja ISO ya Ulaya mwaka 1995, na Spitzer ya Marekani mwaka 2003, na Akari ya Japani mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaja darubini ya Ulaya iliyopewa jina la Herschel mwenyewe. Kisha James Webb, iliyorushwa Desemba 2021. Hesabu zao zimekubaliana katika jambo moja: ukishuka kwenye nuru hafifu, galaksi za infraredi huzidi mno kuliko zingalivyokuwa lau zamani ingekuwa kama leo. Zile kali zilizo nadra kwetu zilikuwa nyingi hapo kale. Hesabu hizo zilipounganishwa na nyingine, ikajulikana kwamba kuzaliwa kwa nyota kulifika kilele chake miaka kiasi cha bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo kumepungua hata kimefika kiasi cha sehemu 1 katika 10. Na vipimo vya jumla ya mwanga wa infraredi, vilivyoanza na chombo COBE kilichorushwa mwaka 1989, vimeonyesha kwamba kiasi cha nusu ya nuru yote iliyotolewa na nyota za galaksi zote ilimezwa na vumbi ikatolewa tena kwa infraredi. Yaani aliyehesabu kwa nuru ya macho peke yake aliandika nusu ya tarekhe, akaiita tarekhe nzima.

Wala msomaji asidhani kwamba kazi hii ya kuorodhesha mbingu ni ya ugenini tu. Tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta vitu vya mbinguni vitoavyo eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliani la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kikaitwa Uhuru, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vitu 339. Mtu akitaka kucheka barazani, na ajue kwamba bahari aliyoielekea imo katika tarekhe ya jambo analolicheka.

Lakini hatukuandika haya ili kustaajabia vyombo. Kilichotupendeza ni adabu ya kuhesabu ambayo makosa ya waliotangulia yamewafunza waliokuja nyuma. Twaitaja kwa mambo manne.

La kwanza, hupima upofu wao wenyewe. Kabla ya kutangaza idadi, huichukua picha ya mbingu wakatia ndani yake galaksi za kubuni ambazo idadi na mwangaza wake wanaujua, kisha huiachia njia yao ya kuhesabu izitafute. Wakitia 100 zilizo hafifu zikapatikana 60, wamejua kwamba katika mwangaza ule wanakosa 40 katika kila 100, nao huandika hivyo mbele ya watu.

La pili, hupima uongo wa chombo. Huigeuza picha, penye mwanga pakawa na giza na penye giza pakawa na mwanga, wakahesabu tena. Galaksi za kweli huongeza mwanga, hazipunguzi. Basi "galaksi" zipatikanazo katika picha iliyogeuzwa ni mchezo wa chombo, nazo huonyesha ni ngapi za namna hiyo zilizojipenyeza katika hesabu iliyo sawa.

La tatu, hujihadhari hata na mizani isiyopendelea. Tuseme mfanyabiashara ana mzani unaokosea mara juu na mara chini, sawa kwa sawa, naye atenga magunia yaliyozidi kilo 90. Ikiwa magunia mepesi ni mengi kuliko mazito, basi yatakayopandishwa kwa makosa yatazidi yatakayoteremshwa, na fungu la mazito litajaa yasiyokuwa mazito, ingawa mzani haukumpendelea mtu. Mbinguni nako galaksi hafifu ni nyingi kuliko kali. Mwenye kuhesabu hulijua hilo, akaipunguza hesabu yake kwa kadiri yake.

La nne, hawaoni haya kuzigawa tena hesabu zilizochanganyika. Darubini ya ALMA, iliyojengwa katika jangwa la Atacama, Chile, kwenye kimo cha mita 5,000, ilivitazama vitu vikali vilivyokuwa vimeorodheshwa na darubini yenye jicho pana. Vingi vyao vilionekana kuwa ni galaksi mbili au tatu zilizokaribiana. Ni ugonjwa ule ule wa mwaka 1955. Lakini mara hii watu walikuwa wakiutarajia, na hesabu ikasahihishwa bila ya ugomvi.

Hata hivyo, haraka ni maradhi ya kila zama. Februari 2023 zilitangazwa galaksi 6 zilizoonwa na James Webb, zikidhaniwa kuwa za zama za mwanzo kabisa na kuwa na nyota nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Waliozitangaza waliziita za kudhaniwa, mpaka nuru yake ichambuliwe. Neno hilo likaanguka njiani, na watu wakasoma kwamba elimu yote ya ulimwengu imepinduka. Moja kati ya hizo ilipochambuliwa ilionekana kuwa karibu nasi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba ndani yake mna shimo jeusi lenye kumeza gesi, ambalo mwanga wake waweza kudhaniwa kuwa wa nyota. Hapo mwenye kustahiki lawama si aliyehesabu. Ni yule aliyelipokea neno "huenda" akalifikisha kwa watu limekwisha kuwa "hakika".

Liko na jambo jingine ambalo hesabu hizi hazilidai, nasi twaliona kuwa ni katika uadilifu wake. Hukumu yake ni ya jamii, haimshukii mmoja mmoja. Galaksi changa tunazoziona mbali si zile zile kongwe zilizo karibu. Hakuna mwanafalaki awezaye kuinyoshea kidole Andromeda akaeleza kwa hesabu hizi peke yake ilikuwa na hali gani miaka bilioni 10 iliyopita. Aweza kusema tu kwamba galaksi kwa jumla zilikuwa hivi. Kuichukua hesabu ya wengi na kumvika mtu mmoja ni dhulma, hata ikiwa hesabu ni sahihi. Kijana aendaye kuomba kazi akakataliwa kwa ajili ya yale yasemwayo juu ya vijana wa mtaa wake amedhulumiwa dhulma hiyo.

Sasa twamrudia ndugu yetu wa barazani na swali lake la faida. Twamwomba atazame jambo lililo karibu naye. Katika mitaa yetu ziko kamati zinazokusanya zaka na sadaka na kuwagawia wenye haja. Kamati huandika majina ya waliokuja mlangoni, kisha husema, "Masikini wa mtaa huu ni 40." Hesabu hiyo yaweza kuwa ya uaminifu, kila jina likawa la kweli na kila shilingi ikafika. Lakini waliokuja mlangoni ni wale wenye ulimi wa kuomba na miguu ya kuwaleta. Yuko mjane aliyefunga mlango wake akasitiri dhiki yake, na mzee aonaye bora kulala na njaa kuliko kupanga safu. Hao hawakuhesabiwa, na kwa kuwa hawakuhesabiwa hawakupewa, na kwa kuwa jina lao halimo hakuna ajuaye kwamba wamenyimwa. Herschel alipokosea, Jua halikudhurika kwa kuchorwa mahali pasipokuwa pake. Kamati ikikosea, mtu hulala bila ya kula.

Basi adabu ile ya wanafalaki ingeweza kuwafaa wenye daftari zetu. Wachague mtaa mmoja mdogo, waende nyumba kwa nyumba kwa heshima na kwa siri, walinganishe waliyoyakuta na majina yaliyomo daftarini. Wakikuta kwamba kwa kila 10 walioandikwa wako 5 walioachwa, wamekwisha kuujua upofu wao kwa kadiri yake, nao watajua ni kiasi gani cha kutenga kwa wasiokuja. Tena waitafute dhiki kwa joto lake pale ambapo nuru yake imezuiwa: mtoto aliyeacha chuo ghafula, deni lililosimama dukani, taa isiyowashwa. Na wasiseme tena, "Masikini wetu ni 40." Waseme, "Tuliowaona ni 40."

Wanavyuoni wa kale walikuwa wakizimaliza jawabu zao kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kwa wengi neno hilo limekuwa nakshi ya mwisho wa waraka, huandikwa baada ya maneno ya kukata ambayo mwandishi hakuyachunguza. Asili yake lilikuwa mpaka: hapa ndipo elimu yangu ilipokoma. Mwanafalaki naye huandika, kando ya kila idadi, kiasi anachoweza kuwa amekosea, na wote wawili wametekeleza amana moja. Basi atakaye kuwaambia watu idadi, iwe ya galaksi au ya mayatima, na aseme pamoja nayo mambo matatu: ametazama wapi, kwa chombo gani, na nini kilimzuia asione. Asiyeweza kuyasema hayo na anyamaze kwanza, kisha aende akahesabu.